Fundi wa makochi atafute nini Nane Nane?

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na biashara. Mwezi huu anajibu mama mshona sare za shule wa Morogoro, mwenye karakana ya vyerehani sita.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa makochi Keko, Dar es Salaam, huu ni mwaka wangu wa 11. Kila mwaka nakwenda Sabasaba, napita mabanda yote ya samani, napiga picha, narudi. Nikifika Keko nakuta majirani nao wamepiga picha zilezile, na mwezi haujaisha barabara nzima tunauza kochi moja. Rafiki yangu anauza pembejeo, anataka mwaka huu twende wote maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Morogoro. Mke wangu anauliza fundi wa makochi anafuata nini kwenye ng'ombe na mbegu, na ada ya mtoto italipwa na nani. Mimi mwenyewe sijui nimjibu nini. Halafu karakana imejaa makochi ya watu waliotoa advansi wakapotea, hata pa kugeukia sina. Nishauri.
Fundi, Keko

Marahaba mwanangu. Nianze na mkeo, kwa sababu swali lake ni zito kuliko la rafiki yako. Nauli ya kwenda kushangaa ng'ombe ni hasara, na ada ya mtoto iko mbele yake. Nakwambia hivyo mimi ambaye viwanja vya Nane Nane nafika kwa daladala. Miaka miwili ya mwanzo nilizunguka kutwa, nikarudi na mche wa parachichi, chupa ya asali na mfuko wa vipeperushi. Vipeperushi tuliwashia mkaa. Karakana ilibaki vilevile, kwa sababu nilikwenda kutazama vitu vya watu, na vitu vya watu haviingii kwenye cherehani.

Mwaka wa tatu niliingia na jambo linaniuma. Acha nikueleze lilivyokuwa.

Sare za shule zina msimu mmoja mkali. Shule zinafungua Januari, na wazazi wa mji mzima wanagundua ndani ya wiki moja kwamba mtoto amekua. Msimu ule nilipokea oda ya mashati 140 ya shule moja. Tulikata, tukashona, tukafika kwenye pasi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Dada wa pasi akaniita: "Mama, hebu njoo uone hili." Shati lilikuwa na mikono miwili ya upande mmoja. Tukapekua rundo lote, tukakuta 26 ya namna hiyohiyo. Kosa lilikuwa la siku nne nyuma, kwenye meza ya kukatia. Kitambaa kilitandikwa vibaya, mikono ikakatwa yote imeangalia upande mmoja. Kila kilichofuata, mshono, pindo, vifungo, uzi, umeme, tulikuwa tunalipamba kosa. Tulikesha tukifumua. Nilichelewa kukabidhi, na oda iliyofuata ya shule ile ilikwenda kwa fundi mwingine. Sikumlaumu mtu, lakini liliniuma hadi Agosti.

Agosti hiyo, jua likiwa limechachamaa, nikaingia banda la watu wa vifaranga nipate kivuli. Palikuwa na kijana ana boksi la kadibodi limetobolewa tundu moja juu, ndani kaweka tochi. Anachukua yai, analiweka juu ya tundu, analizungusha polepole kwa vidole viwili. Yai linawaka rangi ya chungwa. Akanionyesha la kwanza: ndani kuna doa dogo jeusi, na mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwenye lile doa kama miguu ya buibui. "Hili lina uhai." La pili likawaka lote, halina doa wala mshipa. "Hili halina kitu," akaliweka pembeni.

Nikamuuliza kwa nini asisubiri siku ya 21 yatotoe, ajue mazima ni yapi. Akaacha kazi akanitazama. "Mama, hili likikaa kwenye joto wiki tatu linaoza. Likipasuka linachafua wenzake. Na nafasi yake kwenye trei nailipia umeme." Anapima siku ya saba hivi, anapima tena siku ya 18, kabla hajayahamishia kwenye trei za kutotolea, ambako hayageuzwi tena.

Nilisimama pale na yai lile lisilo na kitu mkononi, nikaona mashati yangu 26. Mimi nilikuwa nangoja siku ya 21. Nilikuwa nakagua kwenye pasi, kazi yote ikiwa imekwisha, kosa nimeshalilipia gharama ya shati zima.

Wiki ileile nilibadilisha. Sasa tunapima mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya kukata, kabla ya kufunga mafungu: mkono wa kulia na wa kushoto vinalazwa vikitazamana, kola zinahesabiwa. Mara ya pili ni baada ya kuunga mabega na mikono, kabla kola na vifungo havijawekwa. Anayepima hawi yule aliyekata, kwa sababu jicho lililokosea mezani litakosea tena palepale. Karakana yangu tunaita kupima tochi. Msichana aliyeanza kazi juzi anauliza, "Hizi zimepimwa tochi?" na wala hajawahi kuona yai likipimwa. Makosa bado yapo, ila tunayakuta yakiwa kipande cha kitambaa, hayajawa shati.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umeandika mistari mingi kuhusu picha za makochi, halafu mwishoni, kama jambo la kupitia tu, ukasema karakana imejaa makochi ya watu waliotoa advansi wakapotea. Mwanangu, barua yako ni hiyo. Mtindo mpya wa kochi jirani atauiga ndani ya mwezi, umesema mwenyewe. Lakini fundi mwenye nafasi ya kufanyia kazi, ambaye hela yake haijalala kwenye mbao na sponji za watu wasiorudi, Keko nzima hawezi kumwiga kwa picha.

Kijana yule wa mayai alikuwa na daftari. Mtu mmoja alikuja kutaka vifaranga 200, akaambiwa, "Vya tarehe 14 vimekwisha, nikuandike vya tarehe 21?" Akalipa nusu. Kwenye risiti yake kukaandikwa tarehe, na chini yake sharti: usipokuja siku hiyo, vifaranga vinapewa anayefuata kwenye orodha, na hela yako inahamia kundi linalofuata. Mteja akasoma, akakubali, akaenda zake wala hakukasirika. Niliuliza kama watu hawalalamiki. Akasema wanalalamika wasipoambiwa mapema.

Fikiri kwa nini yeye amefika hapo na wewe hujafika. Kifaranga hakingoji. Kikishatotolewa kinataka joto, chakula, maji na chanjo, na mwenye mali asipokuja hasara inaanza siku hiyohiyo. Kochi lako halifi. Linakaa pembeni linakusanya vumbi, na kwa kuwa halinuki unaona kama halikugharimu kitu. Mwenye mali inayooza amelazimika kufikiri mbali kuliko mwenye mali inayokaa. Ndiyo maana nakutaka uende Nane Nane, na ukifika huko uwatafute hao hasa: wa vifaranga, wa maziwa, wa nyanya, wa miche. Mwenye miche naye ana habari yako kabisa. Mche ukikaa kwenye kiriba kupita wakati wake, mizizi inatoboa plastiki na kuingia ardhini, na siku ya kuung'oa unakatika mizizi. Kila mteja anayechelewa anamwachia jeraha linaloonekana.

Kwa hiyo beba swali moja: "Mteja akitoa advansi akachelewa, unafanyaje?" Uliza mabanda matano. Ukiwa na maswali kumi utarudi na vipeperushi kama mimi. Jitambulishe kwamba wewe ni fundi wa makochi kutoka Keko, maana mtu akijua hamgombei mteja mmoja anafungua daftari lake. Pale Sabasaba, kwenye banda la samani, nani atakwambia anavyodai wateja wake? Nunua kitu kidogo kabla ya kuuliza, umekuta watu kazini. Na ukimaliza kuongea naye mbele ya meza, omba akuonyeshe nyuma ya banda: anavyopanga mizigo, anavyoandika, nani anashika hela. Mbele wanapanga vya kupendeza, kazi yenyewe iko nyuma.

Usije siku ya kilele, tarehe 8 Agosti. Siku hiyo kuna wageni rasmi na umati, mwenye banda hana dakika ya kukupa. Njoo tarehe 3 au 4, asubuhi, wakati wanamwagia mabanda maji. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, Dar hadi Morogoro unakwenda na kurudi siku hiyohiyo, huhitaji hela ya kulala. Na kama mnaweza kupata wa kumwachia mtoto, njoo na mkeo. Nyumba nyingi ninazozijua, mke ndiye anayekumbuka nani anadaiwa. Yeye atamwelewa mtu wa vifaranga haraka kuliko wewe.

Nikuonye jambo moja ambalo lilinigharimu. Mwaka uliofuata nilipenda banda la mbegu. Nikaona pakiti ndogondogo za mbegu za mboga zinavyotoka, nikasema na mimi nifungashe. Nikatengeneza vifurushi: shati, kaptula au sketi, soksi, sweta, vyote kwenye mfuko mmoja mzuri, bei moja. Havikutoka. Wazazi walivishika, wakavisifu, wakaomba shati peke yake. Ilinichukua msimu mzima kuelewa. Pakiti ya mbegu inatoka kwa sababu ni ndogo, inalingana na hela iliyopo mkononi leo. Mimi nilichukua mfuko nikaacha sababu, nikatengeneza kitu kikubwa na kukivika plastiki. Siku hizi mzazi anaanza kulipa kidogokidogo tangu Septemba, shati mwezi huu, sketi mwezi ujao, na kila nguo ina tarehe yake kwenye daftari. Hapo ndipo nilipoipata pakiti ya mbegu kwa haki yake. Kwa hiyo ukiona jambo limekuvutia, kabla hujaondoka muulize mwenyewe: "Kabla ya hili mlikuwa mnafanyaje, na kwa nini mliacha?" Jibu hilo ndilo la kurudi nalo Keko.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa mbao, usipite bila kufika kwa wafuga nyuki. Mzinga wa kisasa wa fremu unafuata kipimo ambacho Lorenzo Langstroth wa Marekani alikigundua mwaka 1851: nyuki akiachiwa upenyo wa milimita 6 hadi 9 hivi anauacha wazi apite. Ukiwa mdogo zaidi anauziba kwa gundi yake, ukiwa mkubwa zaidi anajenga sega, na fremu haitoki tena. Sijui utalifanyia nini. Nimekutajia kwa sababu nilimwona seremala mmoja ameinamia ule mzinga robo saa nzima, anapitisha kidole kwenye upenyo.

Asalaam aleikum dada. Mimi nina mgahawa Tanga, napika chai na chakula cha mchana. Nasoma kila mahali watu wanaambiwa waende maonyesho na makongamano. Mimi nikifunga siku moja wateja wananihama. Shughuli ninazokwenda ni harusi, misiba na maulidi tu. Sisi tusioweza kusafiri tufanyeje?
Mama wa mgahawa, Tanga

Waaleikum salaam dada yangu. Umesema "tu", na hapo ndipo nisipokubaliana nawe. Hujaniambia kinachokuuma, kwa hiyo nakisia. Mgahawa unaolisha wafanyakazi wa ofisini una daftari la wanaokula kwa mwezi, na kulikusanya deni hilo kunakuchosha kuliko kupika.

Umeshakaa kikao cha harusi. Safari ijayo kaa karibu na katibu. Yule mtu anakusanya mamilioni kutoka kwa watu ambao hawajapata chochote bado, na ukumbi unalipwa kabla ya siku. Angalia anavyofanya. Ahadi inatajwa mbele ya watu na kuandikwa jina kwa jina. Kila kikao orodha inasomwa upya: fulani ameahidi kiasi hiki, ametoa kiasi hiki, bado kiasi hiki. Hasemi "mdaiwa", anasema "amepunguza". Kadi haitoki mpaka mchango ufikie kiwango mlichokubaliana, ya mtu mmoja au ya wawili. Halafu kuna tarehe ya mwisho ambayo kila mtu anaijua tangu kikao cha kwanza. Sasa lifungue daftari lako la mgahawa. Lina majina na jumla. Je, lina tarehe? Mteja anaona amepunguza kiasi gani, au anaona deni tu? Jirani yangu muuza vitumbua alianza kumpa kila mteja wa mwezi kadi ndogo ya karatasi ngumu anayoitoboa kwa kila malipo. Alianza baada ya harusi ya mdogo wake, alipokuwa yeye ndiye mweka hazina.

Msibani unakwenda kumfariji mwenzio, na hilo libaki hivyo. Lakini ukiwa jikoni unaosha vyombo, macho yako yapo. Wale akina mama wanalisha watu ambao idadi yao hakuna aijuaye. Kuna mama mtaani kwetu, kila msiba ndiye anayesimamia moto. Sufuria la pili la wali halipandi mpaka la kwanza limefika nusu, ila maji yake yanachemka muda wote pembeni na mchele umeshaoshwa. Sijawahi kuona chakula kikimwagwa kwenye msiba aliousimamia, wala mtu akiondoka na njaa. Wewe mchana unapika sufuria moja kubwa saa nne asubuhi ukiomba Mungu kiishe? Kama ndivyo, mama wa namna hiyo yupo na Tanga. Mtafute, umuulize anajuaje wakati wa kupandisha la pili.

Mambo mama. Mimi ni kijana wa Mombasa, nina duka la kutengeneza simu. Nikienda mahali nikaona mtu anafanya kitu kizuri, nikirudi nikikifanya kwangu, si huo ni wizi? Hili hunisumbua kweli.
Fundi simu, Mombasa

Poa mwanangu, na nimefurahi kwamba linakusumbua. Ukichukua jina la mtu, nembo yake au mchoro wake, huo ni wizi, na sheria ipo. Huko kwenu alama za biashara zinasajiliwa kwenye ofisi ya serikali inayoitwa KIPI, huku Tanzania Bara ni BRELA. Ukichukua namna ya kufanya kazi ukaileta kwenye kazi nyingine, hujampunguzia mwenyewe kitu. Lakini mwambie. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanachukua kimyakimya.

Nikupe mfano wa watu waliokwenda waziwazi. London kuna hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Madaktari wawili, Martin Elliott na Allan Goldman, walikuwa wamechoka baada ya upasuaji wa moyo, wakakaa kutazama mbio za magari za Formula 1 kwenye televisheni. Wakaona gari linaingia kubadilishwa matairi, watu wengi wanalizunguka, kila mmoja na kazi yake, hakuna anayempigia mwenzake kelele, na kwa sekunde chache limeondoka. Wakakumbuka wao wanavyomhamisha mtoto kutoka chumba cha upasuaji kwenda wodi ya uangalizi maalumu: nyaya, mirija, mashine ya kupumulia, na kila mtu anaongea kwa wakati mmoja. Wakawafuata watu wa Ferrari, wakafika hadi Maranello, Italia, na wakawaonyesha video ya kazi yao wenyewe ilivyo. Watu wa magari wakauliza swali jepesi: nani anaongoza hapa? Kwenye mbio kuna mtu mmoja anayeamua gari liondoke. Hospitali haikuwa na mtu huyo. Wakaamua daktari wa usingizi ndiye aongoze, kila mmoja akapewa nafasi yake na zamu yake ya kusema. Matokeo yakachapishwa mwaka 2007, makosa wakati wa kukabidhi mgonjwa yalikuwa yamepungua. Wale wa Ferrari hawakuibiwa chochote, na bado hospitali inawataja.

Mimi pia nilirudi kwa kijana wa mayai Agosti iliyofuata. Nilimweleza habari ya mashati 26 na neno letu la kupima tochi. Alinyamaza kidogo, kisha akaita wenzake waje wasikie. Nikamuuliza nimshonee nini. Akasema koti la kazi, lakini mfuko wa juu uwe upande wa kulia badala ya kushoto, kwa sababu yeye hushika yai kwa mkono wa kulia na tochi huichomoa kwa mkono wa kushoto, na kila koti alilonunua linamlazimisha aweke yai chini kwanza. Nilipima kimo cha mfuko kwa tochi yake yenyewe, nikauacha wazi juu bila kifuniko.